Jina la Jamaa na Buku la Kanisa



Dereva mmoja wa kamyo aliniletea barua ya kijana wa Kamituga, imekunjwa mara ine kama dawa ya unga. Kijana huyo amepata buku la zamani la jiografia lililokuwa la babu yake. Ndani yake mna ramani ya Kongo ya wakati wa Wabeljiji. Pale ambapo sisi tunajua Bukavu, ramani inasema Costermansville. Anauliza: hilo Costermans ni nini? Kama ni jina la mtu, lilitoka wapi? Na tena anauliza, na hapa njo penye uzito: kwa nini wazungu baba, mtoto na mjukuu wote wanabeba jina moja, na kwetu nyumba moja ina watoto saba na majina saba, hata moja halifanani na la baba? "Je, Pasta, sisi hatuna jamaa?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari kumi. Lakini juma lile lile mama mmoja mjane, naye wa Kamituga, alipiga hodi kwangu Kadutu akiwa na mfuko wa plastiki wenye makaratasi. Nilipokwisha kumsikiliza niliona kwamba barua ya kijana na mfuko wa mama ni neno moja. Basi nivumilieni, nitaanza na mzungu, halafu nitarudi nyumbani.

Costermans ni jina la jamaa la Waflamand, watu wa kaskazini ya Ubelgiji. Si jina la watu wengi kama Peeters au Janssens, ambayo kwao ni kama Bahati kwetu: ukiita sokoni vichwa ishirini vinageuka. Costermans ni wachache. Kwa lugha yao koster ni mtu anayetunza kanisa. Anafungua mlango, anapiga kengele, anatengeneza vyombo vya ibada, anafagia watu wakiisha kwenda. Man ni mtu, na ile s ya mwisho inafanya kazi ya neno letu "wa", maana yake mwana wa fulani. Basi Costermans ni mwana wa mtu wa kengele. Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu. Katika kanisa la kwanza nililochunga kulikuwa na mzee aliyegonga rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, saa kumi na moja ya asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Kama jamaa yake wangekuwa Ubelgiji miaka mia sita iliyopita, leo wajukuu wake wangeitwa Costermans.

Mwenye jina hilo aliyelileta kwetu aliitwa Paul Costermans, afisa wa askari, mzaliwa wa 1860. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliongoza nchi ya Ruzizi na Kivu kwa niaba ya Mfalme Leopold II, wakati Kongo yote ilikuwa mali ya mfalme huyo. Baadaye akapanda mpaka kuwa mkubwa wa serikali ya koloni kule Boma. Mwaka wa 1904 ripoti ya Mwingereza Roger Casement ilitoka, ikieleza mateso ya watu katika kazi ya mpira, na mfalme akalazimika kutuma tume ya uchunguzi. Tume ilisikiliza mashahidi, wengi wao Waafrika wenyewe. Mwezi wa tatu wa 1905, matokeo yalipokwisha kumfikia, Costermans alijiua kwa mkono wake.

Huyo njo mtu ambaye mji wetu ulibeba jina lake mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Hata jimbo zima la Kivu liliitwa Costermansville kabla ya 1947. Halafu jina la zamani likarudi, Bukavu, ambalo wazee wa Bushi wanasema linatokana na bunkafu, mahali pa ng'ombe. Mimi napenda zaidi mahali pa ng'ombe.

Wala si yeye peke yake. Kisangani iliitwa Stanleyville mpaka 1966, na huyo Stanley ana habari ambayo vijana wa kariere wataipenda. Kwanza hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa 1841 katika nchi ya Wales, mtoto asiyekubaliwa na baba, akaandikwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipovuka bahari akafika Marekani, kijana bado, alichukua jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans, nalo likawa lake mpaka kaburini. Jina Stanley lenyewe ni la Kiingereza cha zamani sana, nalo lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la watu: stan ni jiwe, na ile sehemu ya mwisho ni uwanja uliokatwa miti. Uwanja wa mawe. Sasa ona. Watu wa Kongo ya chini, walipoona anapasua miamba ili apitishe barabara, walimpa jina lao wenyewe, Bula Matari, mvunja mawe. Hawakujua Kiingereza cha zamani, hata yeye sidhani kama alifikiri habari hiyo. Juu ya kaburi lake kule Uingereza wameandika yote mawili, la wazungu na la kwetu. Na ninyi mama wa Kamituga mnaoketi kutwa nzima na nyundo mkitwanga mawe ya dhahabu, mjue kwamba jina hilo ni lenu kwa haki zaidi kuliko la yule.

Kijana wangu, usifikiri kwamba wazungu walishuka kutoka mbinguni na jina la jamaa mkononi. Miaka elfu iliyopita Mwingereza aliitwa jina moja tu, John au William, kama wewe unavyoitwa Bahati. Baada ya 1066, wakati Wanormani wa Ufaransa walipotwaa Uingereza, serikali ilitaka kujua nani ana shamba gani na nani anadaiwa kodi gani. Kijiji kikiwa na John watano, mkarani atafanyaje? Anaandika John mfua chuma, ambaye kwa Kiingereza ni Smith. Anaandika John mwana wa John, ndiyo Johnson. Anaandika John wa uwanja wa mawe. Hapo mwanzo hayo yalikuwa maelezo tu, yalikufa na mwenyewe. Lakini kidogo kidogo mtoto akarithi maelezo ya baba pamoja na shamba la baba, hata kama yeye hakufua chuma maisha yake yote. Karibu na 1400 Waingereza wengi walikuwa na jina la kurithi.

Hapo njo majina adimu yanapatikana. Smith walikuwa katika kila kijiji, kwa hiyo hawawezi kwisha. Lakini jina lililotoka kwenye shamba moja dogo, au kwenye mzaha aliotaniwa mtu mmoja, hilo lilikuwa na nyumba moja tu. Nyumba hiyo ikizaa wasichana watupu, wote wakaolewa, jina limezimika. Tauni ikipita, limezimika. Ndiyo maana kuna Waingereza wanaotumia miaka yao ya uzee kutafuta jina lao adimu lilianzia kijiji gani. Na wanatafuta wapi? Katika buku la kanisa. Mwaka wa 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII iliamuru kila parokia iwe na buku, na mchungaji aandike humo kila aliyebatizwa, kila aliyeoa na kila aliyezikwa. Wengine waliandika vizuri, wengine kwa uvivu. Leo, karibu miaka mia tano baadaye, mtu anajua babu yake wa kumi na mbili kwa sababu pasta fulani alitia wino kwenye manyoya ya bata akaandika mstari mmoja kamili.

Kwa Wabeljiji sheria ilikuja na Wafaransa. Sheria ya Ufaransa ya 1794 ilikataza mtu kubeba jina lingine lisilo katika hati yake ya kuzaliwa, na Ubelgiji ikaingizwa chini ya Ufaransa mwaka uliofuata. Tangu hapo hata kosa la mwandiko la mkarani likawa jina la jamaa milele. Waturuki walipata majina ya jamaa kwa sheria ya 1934, juzi tu. Watu wa Iceland mpaka leo wengi wao hawana: mtoto anaitwa mwana wa fulani au binti wa fulani, na fulani ni baba yake mwenyewe, si babu wa karne zilizopita. Je, watu wa Iceland hawana jamaa? Wanayo. Na ukifungua Biblia utaona hivyo hivyo, Simoni mwana wa Yona, Yuda mtu wa Kerioti.

Sasa turudi kwetu. Sisi jina halikuwa kamba ya kufunga watu pamoja, lilikuwa habari. Kwa Wanande wa Kivu ya kaskazini jina linakwambia mtoto ni wa ngapi: Kambale ni kijana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa ine. Muhindo anakwambia kwamba tumbo limegeuka, kwamba alizaliwa baada ya mfululizo wa watoto wa jinsia nyingine. Ukisikia tu jina unajua nyumba ile imekaaje. Kwa Waluba mapacha ni Mbuyi na Kabanga, huhitaji kuuliza. Kwa Bashi, Mugisho ni baraka, Murhula ni utulivu, na mwanamke mzima anaitwa kwa jina la baba yake, M' mbele yake, maana yake binti wa fulani, hata akiolewa mbali. Na Kiswahili chetu cha Bukavu kimetupa mengine: Safari aliyezaliwa njiani, Masumbuko aliyezaliwa wakati wa vita, Byamungu, Aksanti, Riziki, na Sikitu, ambaye nyanya yake alitazama akasema ah, si kitu, tutalea. Halafu mtoto anazaliwa, na mama anapoteza jina lake kabisa, anakuwa Mama Riziki mpaka kufa. Nimezika mama mmoja na hakuna mtu hata mmoja pale kaburini aliyejua tuandike jina gani kwenye msalaba.

Mambo haya yalitosha wakati kila mtu aliishi karibu na wanaomjua. Yalianza kusumbua siku kijana wa Walungu aliposhuka Kamituga kutafuta kazi ya dhahabu. Pale hakuna anayejua nyumba ya baba yake. Kuna mkarani na fishi. Mkarani anaandika anavyosikia, tena kwa masikio ya Kifaransa, h inapotea, sh inakuwa s, halafu anampa matrikile, na kuanzia siku ile mtu ni namba.

Juu ya hayo ikaja 1972. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Rais Mobutu aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na sisi wote tukaamriwa kuacha majina ya Kikristo. Pasta au padri atakayebatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Kadinali Malula wa Kinshasa alipinga, naye akalazimika kukaa Roma kwa muda mwaka huo huo. Sheria ya majina ikatoka mwaka wa 1973, na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 ikaendelea kusema kwamba jina litoke katika utamaduni wa nchi. Mimi sikuwa nimezaliwa wakati wa amri ile, lakini baba yangu alituambia namna Pierre alivyoingia biro akatoka na jina ambalo shangazi yake peke yake alilijua. Hapo njo mahali pa "postnom" palipozaliwa, kile chumba cha pili katika formulaire ambacho ndugu zetu wa nchi jirani wakikiona wanashangaa. Baada ya 1990 majina ya Kikristo yakarudi. Basi mtu mmoja wa umri wa baba yangu anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la kompani, jina la 1972, na jina la karti ya uchaguzi, na yote ni yeye.

Bon, sasa mfuko wa mama.

Sitaandika majina yao, wala ya biro, maana shauri bado liko njiani. Bwana yake alishuka Kamituga 1978 akiwa na miaka kumi na sita. Umri haukutosha. Basi alibeba karti ya mkubwa wake, aliyebaki kulima kijijini, akaandikishwa kazi kwa jina la mkubwa. Wengi walifanya hivyo, hakuna aliyeona ni uongo, ni namna ya kula tu. Akatumika chini ya ardhi kwa jina la ndugu yake karibu miaka ishirini, mpaka kompani ile ilipofungwa. Kanisani, nyumbani, kwenye karti ya uchaguzi, alikuwa na jina lake mwenyewe. Mwaka wa 2014 akafa.

Sasa mama akasikia kwamba biro fulani mjini inaandika orodha ya watumishi wa zamani na warithi wao. Akapanda na mfuko. Wakatazama buku la kazi: jina la mkubwa, na picha imekwisha kuliwa na unyevu, inabaki shingo na kola. Wakatazama karti ya uchaguzi ya marehemu: jina lingine. Wakamuuliza watoto: kila mmoja na jina lake. Wakamwambia arudi nyumbani. Tena wakamwambia kwamba watoto wa yule mkubwa, naye alikwisha kufa, wamefika mbele yake wakiwa na makaratasi yanayofanana na orodha herufi kwa herufi.

"Pasta," akaniambia, "bananiambia kama mimi si bibi ya mutu mwenye alitumika. Mimi njo nilikuwa nafua ile manguo yake ya udongo, miaka yote. Sasa ule mutu alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Halafu akasema neno alilokuja nalo. "Buku ya kanisa njo benye kuamini. Weye ulikuwa Pasta yetu kule. Uandike tu lile jina ya kompani mu buku, pembeni ya jina ya bwana yangu. Ni kalamu moja tu, Pasta. Mungu anajua kama ni ya kweli."

Na kweli ilikuwa kweli. Hilo njo lililoninyima usingizi. Asingeniomba uongo ningekataa bila shida. Aliniomba niandike kweli, lakini kwa wino wa leo katika ukurasa wa zamani. Nilimwambia: Mama, siwezi. Buku ambalo pasta anaweza kuongeza neno leo kwa ajili yako, kesho pasta mwingine ataongeza neno kwa ajili ya mtu mwingine, na halitamsaidia tena mjane hata mmoja. Alilia. Hakunikemea, alifunga mfuko wake tu. Bibi yangu alimpa chai na mahali pa kulala, nami nikakaa nje mpaka saa sita ya usiku.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, kuna watu waliorudi kutoka Babeli, makuhani wana wa makuhani. Walitafuta majina yao katika orodha, hayakuonekana, wakatolewa katika kazi ya ukuhani. Nilihubiri sura hiyo mara moja nikaipita haraka, maana ni majina na hesabu tupu. Tena hapo hapo mna mtu aliyeoa binti wa Barzilai akaitwa kwa jina la jamaa ya mke wake, na jambo hilo tu limemletea taabu mbele ya mkarani.

Juma lililofuata tulishuka Kamituga pamoja. Ni kilometa karibu 180, na kwa barabara ile mvua ikinyesha unaweza kulala njiani mara mbili. Tulilala mara moja. Buku la zamani liko katika kabati la chuma la kanisa, lile la mzee aliyenitangulia, pasta wa miaka ine ya shule ya msingi, mwandiko wake umesimama kama miti ya uzio. Tulitafuta mwaka wa ubatizo, 1983. Tukakuta mstari wa marehemu. Jina lake. Mwana wa fulani na fulani. Kijiji. Chifu. Halafu, pembezoni, kwa wino ule ule na mkono ule ule: anatumika kompani kwa jina la mkubwa wake, na jina lenyewe, na namba ya matrikile.

Mama hajui kusoma sana. Nilimsomea mara tatu. Shemasi aliyeshika tochi alianza kuimba, nikamwambia ngoja kwanza, tufungue na buku la watoto.

Buku la watoto ni la wakati wangu. Nilichunga kanisa lile kutoka 2008 mpaka 2013, na watoto watatu wa mwisho wa mama huyu niliwabatiza mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka Shule ya Biblia na diplome, napenda ibada isonge mbele, watu ni wengi, mto ni baridi. Nilikuta hivi nilivyoandika: Espérance. Gloire. David. Na tarehe. Basi. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna kijiji. Kulikuwa na ukurasa mzima wa hivyo, Espérance wanne katika mwezi mmoja, na hata mimi sikuweza kusema ni yupi. Mzee wa miaka ine ya shule aliacha ushahidi wa kutosha kumleta mtu kutoka chini ya ardhi, na mimi niliacha majina ya kadi za Noeli.

Nilimwambia mama: ukurasa huu ni kosa langu. Yeye akajibu, "Si kitu, Pasta." Lakini ni kitu. Buku la mzee linaonyesha kwamba bwana yake ndiye aliyetumika. Halionyeshi kwamba watoto hawa ni wake.

Avoka mmoja wa kanisa alitueleza njia iliyobaki. Kwa sheria yetu mtu hana ruhusa ya kubadilisha jina lake, wala mwandiko wake, wala hata kupanga upya sehemu zake, isipokuwa mbele ya tribinali ya amani ya pale anapokaa, na kwa sababu ya haki. Sisi hatutafuti kubadilisha jina la marehemu, tunatafuta ijulikane kwamba majina mawili yalikuwa mtu mmoja na kwamba watoto ni wa mtu huyo. Kwa hilo tunahitaji mashahidi walio hai. Watatu waliotumika naye katika shimo moja wamekubali. Mmoja kikohozi kinamsumbua sana, tunaomba afike siku ile.

Tena tulipanda Walungu kwa watoto wa mkubwa. Niliogopa safari hiyo kuliko ile ya barabara. Kijana wao mkubwa alitupokea vizuri, akasikiliza, akaiangalia picha ya ukurasa niliyoipiga kwa simu. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, "Baba alitupashaka kama mudogo wake aliendaka na karti yake, na hakuirudishaka. Tulifikiri ni mambo ya kucheka." Nilimuuliza kama atakuja kuyasema hayo mbele ya hakimu. Alisema atazungumza kwanza na ndugu zake. Nao ni maskini kama yule mama, mihogo yao imeoza miaka miwili, na sitamwita mwizi mtu anayekuja na jina lake mwenyewe mkononi. Tumetoka pale bila jibu, na kuku mmoja waliotupatia kwa njia.

Kijana wa barua, nimejibu? Costermans ni mwana wa mtu wa kengele. Jamaa unayo, na ni kubwa, ila imeandikwa mahali pengi mbalimbali. Kama mna mtoto mchanga nyumbani, mwambie baba kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatoa siku 90 za kumwandikisha kwenye komine bure, na wakati mkarani anapoandika, asimame karibu na kutazama herufi. Na wewe mwenyewe muulize babu yako, yule wa buku la jiografia, jina la baba yake na la mama yake, uandike nyuma ya ramani ile.

Mimi kila siku ya sita, tangu tulipotoka Kamituga, nachukua rula na buku la kanisa letu la hapa Kadutu. Yale ya zamani siyagusi. Ukurasa mpya nauchora vyumba saba: jina, majina mengine yote, baba, mama, babu, kijiji, kazi. Halafu napita nyumba kwa nyumba. Juzi nyanya mmoja alinikatalia mlangoni, akisema wanaoandika majina ya watu hawajawahi kuleta kitu chema katika nchi hii. Niliketi naye. Baada ya saa nzima aliniambia jina lake la usichana, akanifanya nilisome mara mbili asikie kama nimeliandika vizuri. Nilikuwa nimekosea herufi moja.

Tribinali imetupa tarehe ya mwezi ujao.